Matibabu ya kansa yameisha, mbona ndo unalia sasa?

Kuna mama mmoja alimaliza mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi, wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa anaamka saa kumi alfajiri awahi foleni. Zile alama za kalamu tunazochora kiunoni na tumboni ili mashine ilenge palepale kila siku, huwa tunamwambia mgonjwa asizisugue. Sasa huyu kaja wiki tatu baada ya kumaliza, tarehe yake ya kliniki haijafika, bado anaoga kwa kuzikwepa. Nikamuuliza kulikoni mama, akanijibu, "mwanangu, nikizifuta naona kama na nyie mmenifuta."

Hii tunaiona sana sisi washauri wa wagonjwa, watu tu hawaisemi. Ukiwa kwenye matibabu akili ina kazi, leo kupima damu, kesho unasubiri kusikia kama dripu ipo au imeahirishwa, kuna nesi anakujua kwa jina na mwenzio wa benchi moja mnagawana chapati. Alafu siku moja unaambiwa umemaliza, rudi baada ya miezi mitatu. Unapanda basi kurudi Kigoma au Mtwara, waliokuwa wanakupikia wanarudi kwao, simu zinapungua, na yale mawazo ambayo hukupata nafasi ya kuyawaza yanakuja yote usiku mmoja. Ukithubutu kusema unaambiwa "mshukuru Mungu, umepona". Kushukuru unashukuru, ila hofu nayo ipo palepale.

Hofu kubwa ni ya ugonjwa kurudi. Kiuno kikiuma kidogo tu ushajizika. Kansa nyingi zikirudi huwa zinarudi miaka ya mwanzo, ndo maana kliniki inakuwa ya mara kwa mara miaka 2 ya kwanza alafu inapungua taratibu mpaka miaka 5, kwa hiyo ukiitwa usidhani daktari kaona kitu anakuficha. Mimi nawaambia waandike kwenye daftari kila tatizo limeanza lini na linaumaje. Maumivu uliyoyapata baada ya kulima yakaisha siku mbili, achana nayo. Ila maumivu mapya yanayozidi wiki mbili, uvimbe mpya, kutokwa damu, kukonda bila sababu, hapo usisubiri tarehe, njoo.

Uchovu nao unawagombanisha watu na familia zao. Unaweza kukaa miezi, hata zaidi ya mwaka, na kulala hakuumalizi, kinachosaidia (najua inashangaza) ni kutembea kidogo kila siku. Sio uvivu.

La unyumba ndo linalonyamaziwa kuliko yote. Mionzi ya nyonga inaweza kubana na kukausha uke na kuleta ukomo wa hedhi mapema, mama anaona kalaaniwa, baba naye anaogopa kumgusa akidhani kansa inaambukiza au mionzi imebaki mwilini. Kansa haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na mionzi ya mashine haibaki mwilini. Kuna vilainishi na kuna vifaa vya kutanulia uke, uwe ulitibiwa Ocean Road au Bugando uliza, na mzee mje nae.

Yule mama nilimwitia mwenzie aliyemaliza matibabu mwaka mmoja kabla, wakakaa benchi la nje mpaka saa nane mchana, sikuwasikiliza wanaongea nini. Alama alienda kuzifutia kwake.

Ila kuna huzuni ambayo stori za benchi haziiwezi. Ukiona zaidi ya wiki mbili hulali, chakula hakipiti, hata mjukuu hakufurahishi, hiyo inaweza kuwa sonona na ina tiba yake, ya maongezi na ya vidonge. Ukianza kuwaza kujidhuru mwambie mtu na uje hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuche. Na kama ulitibiwa kansa ya titi na bado unameza tamoksifeni (vidonge vya kuzuia kansa isirudi), daktari wa afya ya akili mwambie mapema kabla hajakuandikia dawa, kwasababu dawa kadhaa za sonona kama fluoksetini na paroksetini zinapunguza nguvu ya tamoksifeni, nyingine zipo atakubadilishia. Tamoksifeni yenyewe usiiache kimyakimya.