Kisukari na mawasiliano ndani ya ubongo

Anayeishi na kisukari huambiwa mapema kuhusu macho, figo na miguu. Ubongo hutajwa kwa nadra, ingawa nao hulishwa na mishipa midogo ya damu inayofanana na ile inayoharibika machoni na kwenye figo.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na nishati hiyo hutokana hasa na glukosi inayoletwa na damu saa zote. Maeneo yake huunganishwa na nyuzi ndefu za neva zilizovikwa utando wa mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Sukari inapokaa juu kwa miaka, hasa ikiandamana na shinikizo la damu, kuta za mishipa midogo hunenepa na kukakamaa, damu inayofika hupungua, na nyuzi zilizo ndani kabisa, ambazo hutegemea vijishipa vyembamba visivyo na njia mbadala, huumia mapema. Ndiyo maana picha za MRI za wenye kisukari cha aina ya pili huonyesha mara nyingi zaidi makovu madogo ya mishipa iliyoziba, na pia kwamba maeneo yaliyozoea kufanya kazi kwa pamoja hayaendani tena vizuri.

Kwa kuwa kinachoumia ni njia za mawasiliano, dalili ya mwanzo mara nyingi huwa kuchelewa kuliko kusahau. Chukua mgonjwa anayejidunga insulini ya mchanganyiko: hupima sukari, huviringisha chupa viganjani hadi dawa iwe nyeupe sawasawa, huvuta yuniti alizoandikiwa, huondoa mapovu, hujidunga, kisha hula kwa wakati. Aliyefanya hivyo kwa miaka akianza kusita katikati, asijue kama ameshajidunga au bado, si haki kuandika kwenye faili lake kwamba hafuati maelekezo. Apimwe umakini na kumbukumbu. Kwa wengi upungufu huu hubaki mdogo. Hata hivyo, utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa wazee wenye kisukari ikikaribia mara mbili ya wasio nacho.

Mtu angedhani basi kwamba dawa ni kuibana sukari kwa nguvu zote. Jaribio la ACCORD-MIND, lililofanyika Marekani na Kanada, lililinganisha wagonjwa waliolengwa kushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, chini ya asilimia 6 na waliolengwa kati ya 7 na 7.9. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba baada ya miezi 40 waliobanwa hawakuwa na akili nyepesi kuliko wenzao, ingawa ubongo wao ulikuwa haujasinyaa sana kama wa wale wengine. Na ubanaji wenyewe ulikuwa umeshasitishwa mwaka 2008 kwa sababu vifo viliongezeka katika kundi hilo.

Sababu moja ya kutobana kupita kiasi ni sukari kushuka. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, au 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, ubongo huanza kukosa chakula chake, na wazee waliowahi kuzidiwa na sukari ya chini hadi kulazwa wameonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya dimenshia. Familia nyingi hufurahia kusoma 3.5 asubuhi kwenye mashine ya bibi, wakiamini sukari imekaa vizuri, ilhali bibi anatumia glibenklamaidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi, hakula vizuri usiku, na ameamka akijibu maswali kombokombo. Huyo apewe kitu chenye sukari hapo hapo akiwa anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, na dozi yake ijadiliwe na daktari siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ni jepesi kurekebisha. Metformini, kidonge cha kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta usahaulifu na ganzi ya miguu ambayo kila mtu huisingizia kisukari. Kwa hiyo mtumiaji wa siku nyingi anayeanza kusahau anastahili kupimwa B12 kabla ya kuambiwa kwamba ni uzee.