ORS na utando wa seli: kwa nini pakiti ichanganywe kama ilivyoandikwa

Msimu wa mvua unapoanza na taarifa za kipindupindu kurejea, madirisha ya dawa katika vituo vya umma hupokea malalamiko yaleyale: mgonjwa amepewa pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji ya kunywa, badala ya dripu, amekunywa, bado anaharisha, na kwa hiyo familia inaona hajapewa dawa. Malalamiko hayo tunayachukulia kwa uzito, kwa kuwa anayeyaleta ameacha mgonjwa nyumbani. Hata hivyo, mengi yanatokana na kutofahamu ni mahali gani ORS hufanyia kazi, nako ni kwenye utando wa seli zinazofunika ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba.

Utando huo ni tabaka mbili za mafuta ambazo unene wake kwa pamoja hauzidi nanomita 10. Oksijeni hupenya humo bila msaada. Sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kawaida, kwa kuwa ina chaji ya umeme, huzuiwa na mafuta hayo, na glukosi nayo ni kubwa mno kupita peke yake, hivyo vyote viwili hutegemea protini zilizojikita katika utando. Baadhi ya protini hizo ni mifereji inayoruhusu kitu kitoke penye wingi kwenda penye uchache; nyingine ni pampu, ambazo hutumia nishati kukisukuma kinyume. Pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyobainishwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa sodiamu 3 nje ya seli kila inapoingiza potasiamu 2, na kwa sababu hiyo ndani ya seli sodiamu huwa chache wakati wote.

Uchache huo ndio unaoiwezesha protini nyingine, iitwayo SGLT1, kufanya kazi yake. Ikiwa imefunguka upande wa utumbo hupokea sodiamu 2 na glukosi 1, hubadilika umbo, kisha hufunguka upande wa ndani na kuviachia vyote kwa pamoja. Maji hayana pampu yake mwilini. Huifuata sodiamu na glukosi kwa osmosisi, yaani maji kuelekea upande wenye chumvi na sukari nyingi zaidi. Kwa hiyo sukari iliyomo katika ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha wala ya kumpa mgonjwa nguvu, kama wengi wanavyodhani, bali ni sharti la sodiamu kupita katika njia hiyo.

Sumu ya kipindupindu haitoboi utando. Huifanya seli iache wazi mifereji ya kloraidi (sehemu nyingine ya chumvi), nayo kloraidi humwagika utumboni, sodiamu na maji yakifuata, hata mtu mzima aliyezidiwa aweze kupoteza hadi lita 1 kwa saa. SGLT1 haiguswi na sumu hiyo. Mlango wa kutokea umekwama wazi, lakini wa kuingilia ungali mzima. Ieleweke basi, kwa kuwa jambo hili limeelezwa mara nyingi mno: ORS haifungi tumbo na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hurudisha maji yanayopotea hadi ugonjwa upite. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon nchini India, dripu zilipokaribia kwisha Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi, na vifo vilivyokuwa vikifikia takribani asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6.

Pakiti ya lita 1 ina gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Vipimo hivyo huufanya mchanganyiko uwe mwepesi kidogo kuliko damu, ili maji yaelekee mwilini. Mzazi anayemimina pakiti hiyo nzima katika chupa ya nusu lita, akiamini kwamba dawa kali huponya haraka, anapata kitu kizito kuliko damu, na osmosisi huyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni. Soda hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa sukari yake ni nyingi na sodiamu yake ni haba. Madafu yana potasiamu ya kutosha, lakini sodiamu yake haifikii inayohitajika. Tunasisitiza: usigawe pakiti kwa kukadiria, usiongeze sukari, usichanganye na juisi au maziwa. Soma kwanza pakiti ni ya lita ngapi, tumia maji safi na salama, na umwage kilichobaki baada ya saa 24.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole. Aendelee kunyonya au kula. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na havikatizwi kwa sababu kuharisha kumekoma.

Kituoni, mgonjwa aliyepungukiwa maji kwa kiasi hupewa mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4, kisha hupimwa upya. Dripu ni ya aliyezidiwa: aliyelegea au kupoteza fahamu, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia na ngozi inayorudi polepole sana inapofinywa. Kwa mwenye uwezo wa kunywa, kudai dripu hakuharakishi nafuu, na humnyima dripu hiyo mgonjwa anayeihitaji kweli. Ukiona dalili hizo mpeleke kituoni mara moja, na kama bado anaweza kumeza, mnyweshe ORS njiani bila kungoja mfike.