"Oto inakula mafuta, manyo haifi": maneno tunayolishana tukitafuta gari ndogo hapa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Nilipokuwa natafuta gari yangu ya kwanza, kitu kidogo tu cha kunitoa Ilazo kunipeleka Mtumba kila asubuhi na kunifikisha Kondoa kwa wazazi mwisho wa mwezi, niliuliza watu mpaka nikachoka mwenyewe. Kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyesita. Shemeji akanambia usithubutu kuchukua oto, yani inayobadili gia yenyewe, utalia kwenye sheli, chukua manyo ya kubadili gia kwa mkono, fundi wa pale mtaani akasema chukua yoyote ila CVT, ile oto ya mkanda na puli, usiguse, mama mdogo yeye akasema angalia yenye namba mpya mengine Mungu anajua. Sasa nina miaka minne na hiyo gari, ni Passo ya CVT, na kuna makosa nimeyafanya yakanila hela ambayo ningeiokoa kama kuna mtu angekaa chini akanieleza vizuri, na kwa vile kila wiki lazima mtu ofisini anifuate na maswali yaleyale nimeona niyaandike yote kwa pamoja.

Tuanze na lile kubwa, "oto inakula mafuta, ukitaka kubana chukua manyo". Hili lilikuwa kweli, ndo maana wazee wetu hawalitoi kichwani. Oto za zamani zilikuwa na gia tatu au nne tu, na kati ya injini na giaboksi hakuna klachi, kuna chombo kinachopokezana nguvu kwa kuzungusha oili, yani upande mmoja unaisukuma oili na oili inausukuma upande wa pili, na humo katikati nguvu fulani inapotea inakuwa joto. Ukichanganya na hizo gia chache, injini inalia juu barabarani na mafuta yanakwenda. Lakini giaboksi hazikusimama hapo. Oto nyingi za baadaye zikishachanganya mwendo zinajifunga, nguvu inapita moja kwa moja bila kuteleza, na gia zimeongezeka. Alafu CVT ndo hadithi nyingine kabisa, yenyewe haina gia za kuhesabu, ina puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinatanuka na kubana zenyewe ili injini ikae kwenye ule mzunguko ambao inakula kidogo. Kwahiyo gari ndogo ya CVT inaweza kula sawa na manyo au hata chini yake, hasa kwenye njia ya simama-nenda, kwa sababu yenyewe haisahau kubadili gia kama mimi na wewe tunavosahau tukiwa kwenye simu ambayo hata hatutakiwi kuishika.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mafuta huku kwetu yanauma. EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wakitoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, Dodoma siku zote tuko juu ya Dar maana mzigo umesafirishwa kutoka bandarini, kwahiyo tofauti ya kilomita mbili kwa lita mwisho wa mwezi unaiona mfukoni. Ila usiamini kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo la yadi. Zile namba za Japani zinapimwa maabara, gari inazungukia juu ya roli, kiyoyozi kimezimwa, hakuna mchanga wa Nkuhungu wala jua la Oktoba. Pima mwenyewe, jaza mpaka bomba likate, andika kilomita, tembea wiki, jaza tena sheli ileile, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Yangu inanipa kama 15 kwa mizunguko ya mjini na inapanda nikienda Kondoa taratibu, na siku nikiikimbiza inashuka vibaya, giaboksi ni ileile na mguu ndo umebadilika.

Kuna ndugu yake huyu, yule wa "ukiteremka weka frii unabana mafuta". Jamani hapana. Gari za EFI, yani ambazo mafuta yanapulizwa kwa kompyuta, na karibu zote tunazonunua ni hizo, ukiachia mafuta huku ipo kwenye gia, magurudumu ndo yanaizungusha injini na kompyuta inakata mafuta kabisa mpaka mwendo ushuke. Ukiweka frii injini haina wa kuizungusha, inabidi iendelee kuchoma mafuta ili isizime. Yani umekula mafuta zaidi na breki umeziachia kazi yote peke yake, sa fikiria unafanya hivo Sekenke au Kitonga na nyuma yako kuna semi. Breki zikishapata moto hazishiki.

Haya, "manyo haifi". Giaboksi ya manyo yenyewe kweli ni ngumu na fundi yeyote anaijua, hapo sina ubishi. Lakini klachi ni kitu cha kulika kama raba ya kiatu, na anayeendesha akiwa ameweka mguu juu ya klachi muda wote, au anayeishikilia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki, anaimaliza mapema sana, na ukishusha giaboksi kubadili klachi unalipa spea na unalipa ufundi. Ukimpa gari watu watatu tofauti nyumbani waendeshe manyo ndo utaelewa ninachosema.

Ila kuna kitu hapa ambacho mimi nilikuja kukigundua nikiwa tayari nimepoteza wiki sita kubishana na shemeji. Swali lenyewe tulikuwa tunaliuliza vibaya. Vigari hivi tunavyovitaka vinatoka Japani, na Japani watu wengi mno wanaendesha oto, kwahiyo ukiingia kwenye kundi la bebi woka, yani hivi vigari vidogo, manyo utaitafuta sana. IST zile za kwanza za 2002 mpaka 2007 zinakuja na oto ya gia nne. Passo kuanzia toleo la 2010 ni CVT. Honda Fit tangu inaanza 2001 nyingi ni CVT. Manyo utaipata kwenye Probox na Succeed za kazi, au kwenye gari mpya kabisa zinazotengenezwa India kama Toyota Starlet hii inayouzwa Afrika tangu 2020. Kwa mtu wa bajeti yangu uchaguzi halisi haukuwa manyo au oto, ulikuwa oto ya kawaida ya gia nne au CVT, na hapo hakuna hata mmoja kijiweni aliyenisaidia, wote waliishia kusema "CVT ni mbovu".

CVT siyo mbovu. Nataka hili mlisome mara mbili kwa sababu ndo lililoniumiza. Gari yangu ilipotimiza mwaka nikaipeleka gereji moja kufanya sevisi, fundi akauliza nibadili na oili ya giaboksi dada, nikasema badili. Akaweka ile haidroliki nyekundu, ATF ya kawaida wanayoweka kwenye kila oto inayoingia pale. Hakuwa na nia mbaya, kwake oto ni oto. Baada ya wiki mbili gari ikaanza kutetemeka nikiondoka kwenye taa, kama mtu anayejifunza klachi, na mimi sina klachi. Wiki ya tatu ikaanza kulia mlio wa kuvuta maji. Nikaenda kwa fundi mwingine, akachomoa akanusa akaniuliza nani amekuwekea hii.

Ndo akanielimisha. Kwenye CVT ule mkanda wa chuma unaishika puli ya chuma kwa kubanwa tu, hakuna meno. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza na bila kusagana, vitu viwili vinavyopingana, ndo maana ina bei. ATF ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya sahani za klachi zilizomo ndani ya oto ya gia, ukiimwaga kwenye CVT mkanda unateleza, unachuna puli, na ukishachuna hakuna oili itakayokuokoa. Mimi nilibahatika kwa sababu niliwahi, tukamwaga tukajaza ile sahihi, nikatembea siku chache, tukamwaga tena tukajaza tena kwa sababu mara moja haitoi yote. Ikatulia. Aliyelipa mara tatu ni mimi. Tangu siku hiyo oili nainunua mwenyewe kwa kusoma aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na nasimama hapohapo mpaka kifuniko kifungwe.

Kutokana na hapo kuna imani mbili zinazopingana na zote nimezisikia siku moja kwenye gereji moja. Wa kwanza anasema oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Wa pili anasema ukiibadilisha tu giaboksi inakufa. Oili inachoka kwa joto kama oili nyingine yoyote, na huku kwetu na joto hili na safari za mchanga inachoka haraka, mimi nabadili kila kilomita 40,000. Na zile zinazokufa baada ya kubadilishwa nyingi zilishachoka tayari, mtu alingoja mpaka zianze kuteleza ndo akakumbuka oili, au aliwekewa isiyo yake kama mimi.

Na msisahau rejeta. Oto nyingi oili yake inapozwa na maji hayohayo ya rejeta. Sasa maji ya visima vya Dodoma mnayajua wenyewe, angalieni birika zenu za chai ndani zilivyo na ukoko mweupe, ukoko huohuo ndo unaojijenga kwenye mirija ya rejeta ukiwa unajaza maji ya bomba kila asubuhi. Rejeta ikiziba injini inapata moto na giaboksi nayo inapikwa pembeni. Weka kulanti, ile maji maalumu ya rejeta. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko mjadala wote wa manyo na oto.

"Oto haipandi mlima". Inapanda, tatizo ni kwamba watu wanaitumia D peke yake maisha yao yote. Zile L, 2, S, yani gia za chini, na kale kakitufe ka O/D ka kuizuia gia ya juu kwenye mkono wa gia vipo kwa kazi hiyo, kupanda na kushuka. Ila ukweli mwingine ni kwamba Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake ukilinganisha na ikiwa Dar, kwahiyo kile kiinjini cha Passo cha cc 996 cha silinda tatu ukikipakia watu watano na magunia ya mchele usiilaumu giaboksi. Na kama safari zako ni za mzigo hivo kila siku chukua 1300 au 1500, cc ndogo ikibebeshwa sana inaishia kula kama kubwa. Kwenye mchanga ni hivi, ukishaona gurudumu linazunguka bila kwenda acha kukanyaga, manyo utaunguza klachi na CVT utaichemsha, shuka uchimbe.

Hili la "oto ni ya wanawake" linanikera kwelikweli. Mimi ni mwanamke, nimejifunzia pikapu ya manyo ya baba kwenye vumbi la Kondoa, na nimechagua CVT kwa sababu njia yangu ya asubuhi inaifaa. Ukijifunza udereva jifunzie manyo kama unaweza, utaendesha gari yoyote utakayopewa. Basi.

Lile la mama mdogo la namba mpya nalo halina msingi, namba inakwambia gari imesajiliwa Tanzania lini, haikwambii imetengenezwa lini wala imetembea kiasi gani. Gari ya 2005 ikishuka bandarini leo inapewa namba ya leo. Angalia mwaka wa kutengenezwa, maana hata kodi inahesabiwa kwa umri na cc, na TRA wana kikokotoo mtandaoni, kichezee kabla hujatuma hela. Ukiwa kwenye yadi iwashe ikiwa ya baridi kabisa, kanyaga breki weka D, kisha R, ikichelewa kushika au ikipiga teke ondoka. Iendeshe kwenye mwinuko ukisikiliza.

Moja ambalo wazee wako sahihi kabisa ni kwamba oto haiwashiki kwa kusukuma. Mimi iliwahi kunizimikia Msalato jioni, betri imekufa, vijana wanne wamejitolea kusukuma mpaka jasho linawatoka na mimi kwa aibu nashindwa kuwaambia haitawaka. Na ikiharibika usikubali ivutwe kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini, pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini, injini ikiwa imezima vyuma vinasagana vikavu. Vigari hivi vingi vinavutwa na magurudumu ya mbele, kwahiyo kwa hivyo mbele ndo panyanyuliwe, au ipande juu ya brekidauni.

Mama mdogo mwishowe alinunua Probox ya manyo, kwa sababu anabeba alizeti kutoka shambani Bahi na anapita njia ambazo Passo yangu ingeacha bampa. Kwa kazi yake nilimuunga mkono moja kwa moja. Anayemwendeshea ni mdogo wangu, mguu hautoki kwenye klachi, na klachi wameshabadili mara moja.