Kulipia chakula cha hoteli Malindi kabla ya kufika: dhana potofu na ukweli

Shule zikikaribia kufungwa, jamaa wa Nairobi na Mombasa hupiga simu na swali lilelile. Tukija Malindi na watoto, tuilipe hoteli milo yote mapema, au tulipie kulala tu na chakula tujitafutie mjini? Majibu mengi wanayopewa ni ya kusikia.

"Ukilipia milo yote, umemaliza."

Hujamaliza. Soma herufi kwenye karatasi ya bei: BB ni kulala na kiamshakinywa, HB huongeza chakula cha jioni, FB ni milo mitatu, AI ni milo mitatu na vinywaji. Ukiwa na FB, soda na maji ya chupa mezani kwa kawaida huandikwa kwenye bili ya chumba, na watoto waliotoka kuogelea hawana simile na soda.

"Basi chukua AI, mle na mnywe mpaka mchoke."

Bei ya AI imepigiwa hesabu ya bia, mvinyo na pombe kali za humu nchini. Mgeni anayeshinda baa tangu saa tano asubuhi atazirudisha pesa zake. Familia isiyogusa pombe, na pwani hii hizo ni nyingi, inamlipia yeye. Juisi za watoto hazifiki huko hata wakijitahidi vipi. Ulizia bei ya FB yenye maji na soda. Wapo watakaokataa, lakini swali halina ada.

"Mlo ambao hatukuula tutarudishiwa pesa."

Kwa kawaida hurudishiwi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Hebu tufuate safari yenyewe. Treni ya asubuhi inatoka Nairobi saa mbili na kufika Mombasa karibu saa nane. Kuna kilomita kama 120 za barabara mbele yako, kwa hiyo Malindi unaingia jioni. Chakula cha mchana cha siku hiyo kimekupita. Kesho yake mnakwenda magofu ya Gede, kisha mbuga ya bahari ya Watamu, ambako maji kupwa na kujaa ndiyo yanayopanga saa. Wenzenu wakipakua hotelini, nyinyi mnatazama samaki kupitia kioo cha sakafu ya mashua. Siku ya tatu ni Marafa, kwenye korongo la udongo liitwalo Nyari, na huko watu hupenda kwenda alasiri, jua linapozipiga zile kuta nyekundu. Mkirudi ni usiku, na bufe haingoji mtu. Siku ya kuondoka chumba kinatakiwa asubuhi. Ukihesabu, katika michana uliyoilipia huenda ukaukalia mezani mmoja tu, na jioni moja nayo ikakupita. Kama umeshalipa, waombe usiku uliotangulia wakufungie chakula cha njiani. Hoteli nyingi hufanya hivyo. Anayefunga, awe wa Ramadhani au wa sita za Shawali, aulize kabla ya kulipa kama mchana wake unaweza kugeuzwa daku.

Wala si Malindi peke yake. Walt Disney World, bustani kubwa ya burudani yenye hoteli zake kule Florida, Marekani, waliurudisha Januari 2024 mpango wao wa kulipia chakula mapema, uliokuwa umesitishwa tangu 2020. Milo huhesabiwa kwa idadi ya usiku wa kulala, na isiyotumika hufa usiku wa manane siku ya kuondoka.

"Watoto hula bure."

Wengine ndiyo, kwa umri. Kulala bure kitanda cha wazazi si kula bure. Taja umri wa kila mtoto, upate jibu kwa maandishi.

"Cha hotelini ni salama, cha nje kitawaharisha."

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kanuni hiyo haijali kama mpishi amevaa kofia nyeupe. Viazi vya karai vinavyotoka mafutani mbele ya macho yako vina hofu ndogo kuliko saladi ya mayonizi iliyokaa bufeni tangu adhuhuri. Nje, cha kuangalia ni maji, barafu na kachumbari.

Na anayesema mjini hakuna cha watoto hajatembea Malindi. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, piza na aiskrimu si shida. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi, jioni mishkaki, na ukielekea Watamu, Dabaso wana sambusa za kaa juu ya mikoko ya Mida.

Mimi nachagua HB kwa familia yenye wadogo wanaosinzia saa moja usiku, kwa sababu kutafuta tuktuk gizani na mtoto begani si raha. Hesabu yake nyepesi: toa bei ya BB kwenye ya HB, gawanya kwa vichwa, linganisha na sahani ya mjini. Ila ukienda mbali, tuseme Kiwayu huko Lamu, ambako mkahawa wa pili ni wa kufuatwa kwa mashua, lipia milo yote bila kubishana.

Wa Desemba waulizie jambo moja zaidi kabla ya kutuma amana: karamu ya Krismasi na ya mkesha wa mwaka mpya. Hoteli nyingi huzitoza ziada ya lazima, hata kwa aliyekwisha kulipia FB, na ziada hiyo mara nyingi huandikwa chini kabisa ya karatasi ya bei.