Nani ana paswedi ya chama?

Katibu wa chama cha wasimamizi wa mifumo, yaani watu wanaotunza kompyuta na mitandao ya ofisi, anapata kazi Doha. Laini yake ya hapa inakaa bila kutumika mpaka inafungwa. Miezi michache baadaye domeni ya chama (jina lake la mtandaoni) inafika tarehe ya kulipiwa. Kikumbusho kinakwenda kwenye barua pepe ya ofisi aliyoiacha, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ambayo haipo tena. Kwa watu wanaoshinda wakihubiri bakapu (nakala za akiba) ni aibu, lakini ndivyo vyama vingi vya wasimamizi wa mifumo vinavyokatika. Wanachama wapo, ari ipo, ila funguo zote ziko kwenye mfuko mmoja.

Kwa hiyo kabla ya nembo na fulana, andikeni orodha ya funguo: domeni, DNS (mpangilio unaoelekeza domeni kwenye kompyuta husika), barua pepe, sava, kundi la WhatsApp, akaunti ya benki, lipa namba, daftari la wanachama, na karatasi yenyewe ya cheti cha usajili, maana hiyo nayo hupotelea kwenye droo ya mtu. Mbele ya kila kitu wekeni majina ya watu wawili wanaoweza kukifungua leo hii, pamoja na tarehe ya kulipia kama ipo.

Domeni isajiliwe kwa jina la chama (.or.tz au .or.ke), lakini barua pepe ya mawasiliano kwa msajili wa domeni isiwe chini ya domeni hiyohiyo. Domeni ikiisha muda, barua zake nazo zinakufa, na kikumbusho hakimfikii mtu. Fungueni anwani ya pembeni kwa kazi hiyo tu. Paswedi zikae kwenye faili la KeePassXC (programu ya kutunza paswedi) ambalo watu wawili wanalo, na uthibitisho wa hatua ya pili uwe wa TOTP (namba fupi ambazo programu ya simu hutoa kutokana na siri iliyohifadhiwa humo), si SMS: siri ya TOTP inaingia kwenye simu mbili, laini ya simu haiingii. Kundi la WhatsApp liwe na waendeshaji watatu. Akiwa mmoja na akatoka, WhatsApp yenyewe humteua mwanakundi yeyote, na mnaweza kuamka mkakuta mwendeshaji ni muuza laptop aliyejiunga juzi.

Benki ndiyo inayoumiza zaidi. Itataka cheti, katiba, na muhtasari wa kikao kilichoamua nani atie saini. Watia saini wawe watatu, wawili wowote watoshe. Uongozi ukibadilika, muhtasari uandike majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho: nani anatoka, nani anaingia. Muhtasari unaosema tu “viongozi wapya watatia saini” mara nyingi hurudishwa, na kukusanya upya saini za kikao cha miezi minane iliyopita ni adhabu.

Hata wakubwa wamekutwa na suala la nani mwenye mali. Marekani, SAGE, chama cha wasimamizi wa mifumo, ilianza mwaka 1992 ikiwa tawi ndani ya USENIX, chama cha wataalamu wa kompyuta. Mwaka 2005, mpango wa kuifanya ijitegemee ulipokwama, waliotaka chama huru walianzisha LOPSA. Jina la SAGE lilibaki USENIX, wao wakaanza na jina ambalo watu hawakulizoea. Kama chama chenu kinalelewa na chuo au kampuni ya intaneti, andikeni mapema, kwenye karatasi yenye saini, kwamba jina, domeni na daftari ni vya nani siku mkiachana.

Usajili wenyewe haunishughulishi sana. Sheria za jumuiya za Tanzania na Kenya zote zinaanzia watu 10. Kinachosahaulika ni ripoti ya kila mwaka kwa msajili wa jumuiya, basi tarehe yake nayo iingie kwenye orodha ya funguo. Katiba iwe fupi, na akidi isiwe nusu ya wanachama. Watu wenye zamu za usiku hawafiki, mkutano mkuu unaahirishwa mara tatu, na uongozi uliomaliza muda unabaki bila uhalali. Robo ya waliolipa ada inatosha.

Kinacholeta watu ni kikao cha kila mwezi, siku isiyobadilika. Alhamisi ya pili, saa 11:30 jioni, dakika 90. Siku ikihamahama kumfuata mzungumzaji, mahudhurio yanashuka, kwa sababu msimamizi wa mifumo hupanga kazi za usiku wiki kadhaa mbele.

Mada nazo ziwe za mikono. “Mustakabali wa kompyuta ya wingu” italeta watu mara moja. Bora mtu afungue mashine tupu mbele ya wenzake na kurejesha hifadhidata ya PostgreSQL kutoka kwenye bakapu. Bakapu ilitengenezwa kwa pg_dump -Fc (amri ya kunakili hifadhidata), anaendesha pg_restore (ya kuirejesha), na skrini inajaa malalamiko kwamba role fulani, yaani mtumiaji wa hifadhidata, haipo. Hapo chumba kinaamka. pg_dump inachukua hifadhidata moja tu. Majina ya watumiaji na paswedi zao ni vya klasta nzima (hifadhidata zote za PostgreSQL hiyo kwa pamoja), na hutolewa kwa pg_dumpall --globals-only. Nusu ya waliokaa hapo kesho asubuhi watakwenda kuangalia skripti zao, na mwezi ujao watakuja na mwenzao wa ofisini.

Wauza vifaa wataomba kuzungumza. Wapeni dakika 10 mwishoni, walipie chai, na daftari la wanachama wasilione. Si ustaarabu tu: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na chama cha watu tuliokabidhiwa barua za ofisi nzima kikigawa namba za simu hakitaaminiwa tena na mtu.

Ada ilipwe mwezi mmoja kwa wote, na usiwe Januari. Januari ni ya karo. Julai inafaa: mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1, ofisi zinazolipia wafanyakazi zina bajeti mpya, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo ni siku ya wasimamizi wa mifumo, inayoadhimishwa tangu 2000. Anayejiunga Januari au baada yake alipe nusu. Kwenye bajeti msihesabu daftari zima. Mkiwa na watu 60 kwa ada ya shilingi 30,000, kwenye karatasi ni 1,800,000. Pangeni matumizi ya theluthi mbili, 1,200,000, mengine yakija yawe akiba.

Nguvu ya kujitolea nayo ina kipimo. Kazi inayozidi saa mbili kwa wiki igawanywe, la sivyo mwenye nayo atatoweka bila kuaga. Muhula uwe miaka miwili, nusu ya viti vikipigiwa kura kila mwaka, ili pasiwe na siku ambayo wote ni wageni. Na mtu mpya apewe kazi ndogo kabla ya kikao chake cha tatu: kufunga projekta, kuandika muhtasari, kupokea wageni mlangoni. Kutangaza “tunahitaji watu wa kujitolea” kwenye kundi la watu 300 huleta vidole gumba tu. Mfuate mmoja, mtajie kazi na siku itakapokwisha.

Siku ya makabidhiano anayetoka asishike kibodi. Anayeingia akae na laptop yake, afungue kila kitu kwenye orodha kimoja baada ya kingine: aongeze rekodi ya majaribio kwenye DNS, atume barua, asome salio. Kinachogoma kinabaki bila tiki, na mtangulizi haondoki mpaka kifunguke. Baada ya hapo paswedi zinabadilishwa na TOTP inasajiliwa upya, jioni hiyohiyo.