Je, wajua kwa nini kuku wa motoni huzungushwa bila kupumzika?

Umeme ulikatika saa saba na robo mchana, Jumapili, kuku akiwa na dakika 20 tu motoni. Ndani ya nyumba hakuna aliyeshtuka. Kwa sisi wa Goma hiyo si habari. Lakini huku uani, mtaani kwetu Himbi, mota ndogo iliyokuwa ikiguna ubavuni mwa jiko ilinyamaza, na kuku akasimama pale pale alipofikia, kifua chini. Gesi haina habari na umeme. Ikaendelea kuwaka.

Mdogo wangu, mwenye jiko, alikuwa amekwenda kununua pilipili. Aliporudi, upande mmoja wa kuku ulikuwa mweusi kama mawe ya volkano yetu ya Nyiragongo yaliyojenga ukuta wetu, na upande wa juu bado umepauka, vipele vya ngozi vinaonekana. Akaingiza kisu pajani, akachungulia, akanipa kisu nijionee.

"Yaya, iko mubichi huku ku mufupa."

Kuku mmoja, moto mmoja, ameungua na ni mbichi. Hapo ndipo swali linapoanzia: kule kuzunguka kunafanya nini hasa?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nyama ni mvivu. Karibu robo tatu yake ni maji, na maji hayo yamefungwa ndani ya nyuzi, hayatembei kama ya sufuriani. Kwenye sufuria maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, joto linasambaa lenyewe. Ndani ya nyama joto linapokezanwa kutoka chembe hadi chembe, polepole, kama ndoo za maji zinazopita mkono kwa mkono. Tena uvivu huo unaongezeka kuliko unavyodhani: unene ukiwa mara mbili, muda unakuwa karibu mara nne. Kipande cha sentimita 2 kikiiva kwa dakika 8, cha sentimita 4 hakitaki 16, kinakaribia 32. Ndiyo maana muuza brosheti, yaani mishikaki, hukata nyama ndogo ndogo. Watu humwita bahili, kumbe anajua hesabu.

Sasa weka kuku mzima juu ya moto bila kumgeuza. Ngozi ya chini inapokea joto jingi kuliko nyama inavyoweza kulipeleka ndani. Joto linarundikana pale juu juu. Maji ya ngozi yanakauka, na yakishakwisha hakuna tena kinachozuia joto kupanda. Likifika nyuzi 140 hivi za Selsiasi, ngozi inaanza kupata ile rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani. Likizidi sana, inakuwa makala, yaani mkaa. Wakati huohuo kwenye mfupa, sentimita chache tu kutoka hapo, bado ni nyuzi 40, joto la mtu mwenye homa.

Mota inayozungusha kuku mara 3 au 4 kwa dakika inavunja msongamano huo. Kila sehemu ya ngozi inapata moto kwa sekunde chache, kisha inaondoka kupumzika. Katika mapumziko hayo nje inapoa kidogo huku joto lililokwisha kuingia likiendelea na safari yake ndani. Mzunguko hauongezi moto. Unampa yule mvivu muda wa kufanya kazi yake.

Kuna faida nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Mafuta yakiyeyuka hutafuta sehemu ya chini kabisa ili yadondoke. Lakini chini ya kuku anayezunguka ni wapi? Kabla tone halijakomaa, chini imekuwa juu. Mafuta yanabaki yakitembea juu ya ngozi, kuku anajipaka mwenyewe. Kaa karibu utazame: utaona tone linaning'inia kwenye ncha ya bawa, linasita, kisha linarudi mgongoni linang'aa.

Watu waligundua hili zamani sana, kabla ya mota. Huko Uingereza, tangu karne ya 16 mpaka ya 19, kulikuwa na mbwa wafupi waliofugwa kwa kazi hiyo tu: mbwa alitiwa ndani ya gurudumu lililofungwa ukutani jikoni, akakimbia, gurudumu likazungusha chuma chenye nyama. Mbwa wa mtaa wetu wangekubali kazi hiyo kwa dakika mbili, ya tatu wangekula nyama.

Mzunguko una sharti lake: uzito uwe sawa pande zote. Kuku akichomekwa upande, upande mzito unaanguka chini kwa kishindo kila mzunguko, mota inakwama kidogo, na upande huo ndio unaokaa motoni muda mrefu zaidi. Kabla ya kuwasha, shika chuma kwenye viganja viwili na ukiache kijizungushe. Kikirudi kila mara upande uleule, toa, chomeka upya. Funga mabawa na miguu kwa uzi wa pamba. Wa nailoni utayeyukia kwenye chakula. Washa moto wa pembeni, zima wa katikati, weka sinia chini ya kuku kukinga mafuta. Moto unaomlenga kuku kutoka chini moja kwa moja ndio unaoleta ule mlipuko wa ndimi mafuta yanapodondoka. Wamarekani wengi, kwa miaka mingi, wamenunua mawe ya volkano kwa mifuko wakayapanga juu ya moto wa majiko ya gesi ili yatunze joto. Mama alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akakaa chini, maana sisi mawe hayo tunayaondoa shambani. Ila usikimbilie kuyaokota. Vitundu vyake hunywa mafuta, na mafuta hayo huja kuwaka siku nyingine; na jiwe lililonyonya maji ya mvua likipashwa ghafla linaweza kupasuka.

Sasa turudi kwenye lile paja. Tulijuaje kwamba ni bichi? Kwa rangi. Na safari hiyo rangi ilisema kweli, lakini si ya kuaminiwa. Kuku mchanga, hasa wale wa kufugwa haraka, mifupa yake bado laini, na rangi ya uboho hupenya ikaacha wekundu karibu na mfupa hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Kinyume chake pia hutokea: nyama inapoteza wekundu kabla vijidudu havijafa. Kinachoua ni joto na muda. Salmonela kwenye nyuzi 60 inahitaji takriban nusu saa. Kwenye 74 ni papo hapo. Ndiyo maana mamlaka za chakula za Marekani hutaja 74 kwa kuku, na Shirika la Afya Duniani linataka kila chakula kifike angalau 70 katikati yake. Kipimajoto cha ncha nyembamba hakina gharama kubwa kuliko kuku wawili walioharibika. Simamisha mota, kichome kwenye unene wa paja, kisiguse mfupa wala kile chuma cha katikati, kwa sababu chuma kina joto lake na kitakudanganya.

Wapo watakaouliza: mbona Mzungu anakula nyama ya ng'ombe yenye damu na haumwi? Kwa sababu katika kipande kizima, vijidudu vingi viko juu juu, na juu ndiko kunakoungua. Nyama ya kusaga ni jambo jingine: kilichokuwa nje kimechanganywa na cha ndani, hivyo inatakiwa ifike 71. Na hapa chuma cha kuzungushia kinaleta utata wake, kwani kinapotoboa paja la mbuzi kinabeba vya nje kuvipeleka katikati. Mimi paja la mbuzi lililotobolewa silili likiwa jekundu. Nguruwe ndiyo kabisa. Marekani walishusha kiwango chake mwaka 2011 hadi 63 na mapumziko ya dakika 3, lakini nguruwe wao hazururi uani. Mabuu ya tegu hukaa ndani ya msuli wenyewe, kwa hiyo nguruwe aliyekula takataka za mtaani nampeleka mpaka 70 na ushee, akikauka akauke.

Mji wetu nao unaingilia hesabu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Kila aliyepika maharagwe Kinshasa na Goma anaijua tofauti hiyo kwa makala aliyoteketeza. Kwa kuku, maana yake ni kwamba ngozi inakauka mapema na muda unarefuka kidogo. Ila nyuzi 74 zinabaki 74, mlimani na ufukweni. Kijidudu hakijui kimo. Kuku wa kilo moja na nusu, jiko lililofunikwa likiwa na nyuzi 180 hivi, mpe saa moja na robo. Kuku wa kienyeji mkongwe, mpeleke kwenye sufuria. Hakuna mota itakayomlainisha.

Na yule wetu aliyesimama? Mdogo wangu alitaka kumwacha palepale mpaka umeme urudi. Hilo ndilo kosa linalowalaza watu. Nyama iliyopashwa nusu, ikikaa vuguvugu kati ya nyuzi 5 na 60, ni kitalu cha vijidudu. Vilivyonusurika vinazaana, na vingine vinaacha sumu ambayo moto wa baadaye hauiondoi. Hatukujua umeme utarudi saa ngapi, na aliyepigiwa simu kule wanakotoa umeme naye hakujua. Tukafanya hesabu ya muuza brosheti: tukamkata vipande vinane, tukang'oa ngozi iliyoungua, tukawasha mbabula, jiko letu la makala. Vipande vyembamba, safari fupi. Dakika 25 baadaye kipimajoto kilisoma 78 na makemba, ndizi zetu za kupika, yalikuwa bado ya moto.

Tulipokuwa tunakula ndipo mama alipouliza swali ambalo sisi hatukuliwaza: "Hii ile kitu ya gesi, mbona mumeiweka kule chini?"

Mdogo wangu alikuwa ameliweka jiko kwenye kona ya chini ya ua, kuta mbili za mawe zikilikinga na upepo wa ziwani. Kwa jiko la makala si kitu. Kwa gesi, mama alikuwa ameona kitu ambacho mtu wa Goma anapaswa kukiona mara moja: mazuku.

Mazuku ni ile hewa inayotoka ardhini upande wa kuelekea mji wa Sake na kandokando ya ziwa, ikajikusanya mabondeni na kwenye nyufa usiku usio na upepo. Mbuzi anaanguka kabla ya mwenye mbuzi, mtoto kabla ya mtu mzima, kwa sababu iko chini. Ni kaboni dayoksaidi, na inalala chini kwa uzito wake: chembe yake ina uzito wa 44, hewa ya kawaida wastani wa 29. Basi propani, gesi iliyomo kwenye bombone, yaani mtungi wa gesi, chembe yake nayo ni 44. Butani, mwenzake, ni 58. Gesi ya kupikia ikivuja inafanya vilevile kama mazuku: inateremka, inatafuta shimo, inakaa inasubiri. Tofauti ni kwamba hii inawaka. (Methani ya Ziwa Kivu, ile ambayo Rwanda inazalishia umeme, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda; usichanganye hizo mbili.) Kinachotusaidia ni harufu. Gesi hii kwa asili hainuki. Ile harufu ya kitu kilichooza hutiwa makusudi ili pua ikuamshe. Mazuku hayana msaada huo.

Kutokana na hapo mengine yanajieleza. Jiko likae mahali pa wazi, pasipo shimo wala ufa wa lava chini yake, bombone ikiwa wima juu ya sakafu iliyonyooka, si juu ya mawe yanayocheza, wala si chini ya moto. Funua kifuniko kabla ya kuwasha, kwa sababu gesi iliyofungiwa ndani haitaki zaidi ya cheche moja. Lisipowaka ndani ya sekunde 5, funga, kaa dakika 5 mbali, ndipo ujaribu tena. Mpira na viungo vyake vipime kwa povu la sabuni: povu likivimba, panavuja. Nimeona mtu akitafuta uvujaji kwa kiberiti. Alipata alichokitafuta, na nyusi zilichukua miezi kuota.

Mvua ikija, na Goma inakuja bila hodi, usiliburute jiko barazani ukafunga mlango. Gesi ikiwaka penye hewa haba inatoa monoksaidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Mbabula nayo huitoa, hata zaidi. Ukiona ndimi za moto zimekuwa za njano badala ya buluu, moto haupati hewa ya kutosha au matundu yameziba kwa mafuta na buibui.

Jioni ile tulilihamishia jiko upande wa juu, karibu na lango. Umeme ulirudi saa mbili usiku. Mota ilikuwa bado imechomekwa, ikaanza kuguna na kuzungusha chuma kitupu, na watoto wakatoka kwenda kuhesabu mizunguko.