Mzinga wa Winifred na swichi iliyoniunguza

Kila ninapoteremsha modeli yangu ya Winifred, meli ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, majini pale Dunga, ufukwe wa Kisumu, swali la kwanza la vijana ni lile lile: "Fundi, mzinga unalia?" Unalia, ila hapo ufukweni haulii ng'o. Boti za wavuvi zimeegeshwa na mitungi ya petroli juu ya mchanga, halafu cheche haziulizi njia.

Winifred yenyewe ilikuwa meli ya abiria na mizigo ya ziwa letu, Victoria. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza ikafungwa mizinga, na mwaka 1915 ikapambana na Muansa, boti ya Wajerumani. Ndiyo maana modeli isiyo na mzinga naiona kama imeng'olewa meno.

Makosa niliyafanyia mezani, nyumbani. Nilikuwa nimefunga kimweko cha dukani, kile kidogo cha jukwaani chenye baruti ya kutoa mwako na mlio wa mzinga, nikakiunganisha na kanali ya tano (njia ya amri) ya risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya modeli. Nikawasha risiva kabla ya rimoti. Servo, mota ndogo inayosukuma mkono wake kwa amri ya risiva, ikashtuka, ikagusa swichi ndogo, na kimweko kikawaka sentimita thelathini kutoka mkononi. Nywele za mkono ziliota tena baada ya wiki kadhaa. Jicho lingeota?

Tangu hapo najua kwamba baruti ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine ni kile kinachoiwasha. Risiva ikiwashwa, ikipoteza mawimbi au betri ikilegea, servo inaweza kuruka upande wowote. Risiva nyingi za kisasa za 2.4 GHz zina mpangilio wa usalama: mawimbi yakikatika, kila kanali inakwenda mahali ulipoichagulia. Chagua "zima" kwa kanali ya mzinga, kisha ihakikishe kwa kuzima rimoti kusudi, kimweko kikiwa hakijafungwa. Wengi huweka mpangilio huo kwa mota peke yake, na mzinga wakausahau.

Hata hivyo mimi siiamini risiva. Mzinga una betri yake na plagi yake nyekundu inayoonekana juu ya sitaha. Bila plagi hiyo waya umekatika, hata servo icheze chakacha. Rimoti huwashwa kwanza, risiva inafuata, na plagi huja mwisho kabisa, modeli ikiwa majini na uso wangu ukiwa pembeni. Kurudi, plagi hutoka kwanza. Waya za kiwashio cha baruti zinabaki zimesokotwa ncha kwa ncha mpaka dakika ya kuziunganisha, na sizipimi kwa mita ya umeme ya kawaida: umeme mdogo wa mita nao unaweza kukiwasha.

Kuna siku magugu maji yaliinasa propela mita arobaini kutoka ufukweni, plagi ikiwa imechomekwa na mzinga haujalia. Mpwa wangu alishavua viatu. Nikamwambia, "Kaa hapo, mjomba." Nilizima kanali, nikangoja nusu saa nzima, ndipo nikaenda mwenyewe kwa boti ya kupiga kasia, nikaikaribia kwa nyuma. Kiwashio kilichokataa kuwaka hakijafa.

Kuchanganya unga wako mwenyewe, au kushindilia baruti ndani ya bomba lililozibwa, sitaeleza. Hicho ni kilipuzi chenye sura ya mzinga. Hata fataki za dukani zinahitaji kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115.

Moshi wa bomba la meli, kwa upande mwingine, hauhitaji baruti hata chembe. Waya wa kupasha joto, mafuta maalumu ya moshi na feni ndogo vinatosha. Ukiona mafuta yamekauka, zima, maana waya ukiwaka mkavu unachoma sitaha. Betri ya LiPo, ile ya lithiamu, nimeiweka mbali na joto hilo, nyuma ya ukuta wa bati jembamba, kwa sababu ikishika moto ndani ya modeli ya mbao hakuna cha kuokoa.

Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, nitakuwa Dunga. Moshi utakuwepo. Mzinga utabaki kimya.